Sikio Lako la Kushoto

Rotich mwanangu,

Shangazi yako amekwisha kukuambia habari za sweta, za dawa na za maji ya Nairobi. Sitazirudia. Sanduku ulilifunga tangu saa kumi, na nimekusikia ukilifungua na kulifunga tena mara mbili, kama mtu anayetafuta sababu ya kutotoka chumbani. Nami nimekaa hapa mezani kwa sababu hiyo hiyo. Kwa wiki tatu tumesalimiana kama wapangaji. Asubuhi gari la wale maofisa litakuja kukuchukua, na mahali watakapokuweka hadi siku ya kesi hawajaniambia, wala hawataniambia. Kwa hiyo nililo nalo ni lazima nilitoe leo, na kwa kuwa ana kwa ana nimeshindwa, nitaliandika.

Nilikukataza kwenda. Ofisa alipoketi kwenye kile kiti cha mama yako na kusema kwamba kesi ya Kimeli inahitaji mtu aliyemsikia akiapisha watu, ulijibu kabla hajamaliza: "Mimi nilimsikia. Nitaenda." Nami, mbele ya mgeni, nikasema, "Huendi popote." Ulinitazama, ukauliza, "Baba, unaogopa yeye ama unaogopa mimi?"

Jibu ni kwamba nilikuogopa wewe.

Kwanza nimweke mtu huyu mahali pake. Magazeti yanamwita kamanda. Vijana wa stendi ya Sotik wanamwita Jenerali, na wengine wana picha yake kwenye simu. Wanasema risasi humkwepa, na kwamba polisi walimkamata kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kukamatwa. Upuuzi mtupu. Kimeli ni mtoto wa ng'ambo ya mto. Nilimfundisha darasa la sita. Alikuwa mwizi wa chaki, na siku niliyomkamata alimsukumia kosa mwenzake aliyeketi mbele yake, kwa sauti ya upole kabisa, hadi yule mwenzake akaanza kulia na kukiri. Hicho ndicho kipaji chake, wala hana kingine. Katika maisha yake yote hajabeba mzigo ambao mtu mwingine angeweza kumbebea, na hata bunduki zilipokuja zilibebwa na wengine. Ndiyo maana polisi hawakumkuta na kitu mkononi.

Hilo genge lake, Wana wa Kiapo, lililolipua soko na kuchoma basi lenye watu ndani, watu hudhani lilianzia msituni. Halikuanzia msituni. Lilianzia katika menjo, ile nyumba ya kutengwa ambamo vijana wetu hukaa baada ya tohara, na mlezi wao katika nyumba hiyo, moteriot, nilikuwa mimi.

Unaijua sehemu yako ya habari hiyo. Yangu hujaijua yote.

Mlikuwa saba. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, na miaka mingine kumi na minne imepita tangu hapo. Kimeli alikuwa amepita jandoni kabla yenu, nami nikamchagua awe msaidizi wangu, kwa kuwa mgongo wangu haukuipenda tena sakafu ya udongo. Uvivu wangu ulitangulia uovu wake. Hilo nalo liandikwe. Jumapili ile niliwaacha mikononi mwake nikaenda kanisani, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kusoma somo la kwanza. Nilirudi saa saba mchana. Wenzako sita walikuwa wameketi ukutani, hakuna aliyeinua macho. Wewe ulikuwa umelalia ubavu wa kulia, na damu ilikuwa imekauka kutoka sikio la kushoto hadi shingoni.

Ulinena kwa sauti ya juu mno, kama mtu aliye mbali: "Ametuapisha kwa jina lake. Si kwa Mungu, si kwa ukoo. Kwa jina lake. Nimekataa."

Nilitoka nje. Alikuwa ameketi kwenye gogo akichonga fimbo.

"Umempiga kwa nini?" nikamuuliza.

"Mwalimu, kijana yako ako na kichwa ngumu kama wewe." Hakusimama. "Ameguswa kidogo tu."

"Nitakupeleka polisi leo hii."

Akapuliza vumbi la fimbo. "Mambo ya menjo inabaki menjo, Mwalimu. Si ni wewe ulitufundisha hivyo? Ama unataka kuenda kuambia wamama?"

Ni kweli, niliwafundisha hivyo, na mila hiyo haikuwa mbaya. Wazee wetu waliiweka ili kijana aliyelia au kuogopa asije akachekwa mpaka uzeeni. Waliiweka imlinde mnyonge. Kimeli aliichukua akaigeuza boma lake, nami nikawa mtu wa kushika lango.

Alasiri hiyo niliwaita wazee wa kokwet, baraza la kijiji chetu, tukakutana kwenye uwazi karibu na menjo. Niliwaonyesha kitambaa chenye damu. Arap Soi ndiye aliyesema kwanza, unajua hawezi kumwachia mtu mwingine nafasi hiyo.

"Tukitoa hii maneno nje, mwaka ujao nani ataleta mtoto? Watawapeleka hospitali wakatwe na manesi, na warudi nyumbani saa hiyo hiyo kama mtu ameng'olewa jino."

Walicheka. Nami nilicheka. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote: kitambaa kikiwa bado mkononi mwangu, nilicheka.

Kimeli akatozwa kondoo. Kondoo akachinjwa, akaliwa, na Kimeli akaketi akala pamoja nasi.

Siku ya nne nilikupeleka hospitali kwa njia ya nyuma, umefunikwa blanketi kichwani ili wanawake wasikuone, maana siku zako za kutengwa zilikuwa hazijaisha. Daktari alikuwa msichana mdogo. Alimulika sikio, kisha akaniuliza, "Mzee, huyu amepigwa?" Nikasema, "Ni homa. Masikio yalianza kutoa usaha." Ulikuwa umeketi kushoto kwangu, sikio lako zima likinielekea. Ulisikia kila neno. Ukainamisha kichwa, na daktari akaandika nilichomwambia.

Na mama yako. Siku ya kutoka kwenu alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa aliyoyagandisha kwa majuma mawili akikungoja. Akakuita akiwa upande wako wa kushoto. Hukugeuka. Akakuita tena. Kisha akaweka kibuyu chini polepole.

"Baba Rotich, mtoto hasikii."

"Ni homa," nikamjibu.

Alikufa akiilaumu baridi ya sakafu ile, na akijilaumu yeye mwenyewe kwamba hakukutumia blanketi ya pili. Mara nyingi alilisema jambo la blanketi. Alilisema hata katika juma lake la mwisho pale hospitali ya Longisa, wodini, na mimi nimeshika mkono wake. Ningeweza kumwondolea mzigo huo kwa sentensi moja. Sikuwa nayo, au nilikuwa nayo nikaona heshima yangu ina uzito kuliko pumzi zake zilizobaki. Sina namna nzuri zaidi ya kulieleza.

Tangu wakati ule nimetembea kulia kwako, upande unaosikia. Watu husema, tazama Mwalimu anavyompenda mwanawe, daima ana neno la kumnong'oneza. Mama yako alitembea kushoto, upande wa magari, kwa sababu huyasikii yakija. Mimi nilichagua upande ambao ningeweza kukuambia la kufanya, yeye akachagua upande ambao angeweza kugongwa badala yako.

Sasa Kimeli. Tulipomla yule kondoo pamoja naye alijifunza jambo moja, nalo limemtosha kuwa alivyo: kwamba watu wenye heshima zao watamficha, ilimradi auite uovu wake "mambo yetu". Wale sita wakawa watu wake wa kwanza. Kisha mashine za kuchuma chai zikaingia katika mashamba makubwa, na wachumaji wakaambiwa warudishe vikapu. Mahakamani usikubali mtu awaite vijana wale wajinga. Hasira yao ilikuwa ya haki. Mwanamke aliyechuma kwa vidole miaka ishirini, akitafuta majani mawili na chipukizi, akisimamishwa kando ya njia atazame mashine ikiunyoa mchai kama kichwa cha mfungwa, ana haki ya kukasirika. Kimeli hakuizaa hasira hiyo. Aliikuta imefungwa kamba puani, akashika kamba.

Alianza na nyumba za laini, zile safu za makazi ya wachumaji zilizobaki tupu, wafanyakazi walipoondolewa. Kila Jumapili saa za ibada alikuwa huko na vijana, akiwapa chai na kuwasikiliza. Alikuwa msikilizaji mzuri, wanasema. Kisha kiapo, kwa maneno yale yale uliyoyasikia wewe. Kisha kila aliyeapa hupewa kitendo kidogo cha aibu dhidi ya jirani yake mwenyewe, asiweze tena kumtazama mtu machoni. Baada ya hapo hana pa kurudi. Nilipousikia utaratibu huo kutoka kwa ofisa niliufahamu mara moja. Ni menjo. Ni menjo iliyoondolewa upendo wote na siku ya kutoka.

Lakini nilikuwa na nafasi ya kulizuia, na hili ndilo ninaloliona gumu kuliko yote.

Otieno, jirani yetu wa chini, fundi wa boila pale kiwandani. Huhitaji nikueleze yeye ni nani. Ndiye aliyekufundisha baiskeli, akikimbia kushoto kwako na kupiga mluzi mpaka alipokumbuka husikii upande huo, akahamia kulia huku akijicheka. Alikuja kwetu kutoka ziwani akiwa kijana, na akazeeka nasi. Jioni moja alisimama mlangoni petu, hakutaka kuketi.

"Mwalimu, huyu Kimeli anakusanya vijana huko laini kila Jumapili. Wanarudi wakiwa kimya sana. Wewe ndiye ulimlea. Ni mtu wa aina gani?"

Jibu zima lilikuwa kinywani mwangu. Wewe ulikuwa mezani ukila; uliacha kutafuna, ukanitazama. Nikasema, "Ni kijana wetu. Ana hasira tu. Itapita."

Otieno akacheka. "Haya. Ukisema ni yako, basi ni yako."

Hazikupita wiki mbili, vijana wa Kimeli wakaja kuchoma kiwanda. Walinzi walikimbia. Otieno alisimama langoni na spana mkononi, na hakuiinua, kwa maana aliamini kwamba ni vijana wetu na wana hasira tu. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja. Walimuua kwa sababu alijua majina. Kimeli hakuwepo langoni. Alikuwa kilimani, ng'ambo ya bonde, akitazama. Baada ya siku hiyo ndipo walipoingia msituni, na soko, na basi, na yote uliyoyasoma.

Namchukia, Rotich. Mchungaji amenihubiria mara mbili juu ya hilo, nikamsikiliza kwa adabu, na bado namchukia, na sitajifanya vingine mbele yako usiku wa kuondoka kwako. Nikimwona kwenye televisheni na lile tabasamu, akiwapungia watu mkono uliofungwa pingu, naitamani ile fimbo aliyokuwa akiichonga. Lakini usiichukue chuki yangu kizimbani. Sema ulichosikia, usiongeze hata neno moja. Mtu yule amenenepa kwa yale ambayo watu wamemwongezea: risasi zinazomkwepa, msitu unaomtii. Ukimwongezea nawe, hata kwa ubaya, utakuwa umemlisha. Mpe saizi yake.

Nije kwenye jambo lenyewe. Wale sita walioapa siku ile, wawili wamekufa msituni, watatu wangali watu wake, na mmoja anauza mitumba Sotik na akiniona huvuka barabara. Wa kusema umebaki wewe tu, uliyekisikia kiapo kikitoka kinywani mwake kwa mara ya kwanza. Wakili wake anajua hivyo. Amekwisha kuitafuta karatasi ya hospitali, na ameipata. Juzi ofisa alinivuta kando langoni, akasema, "Mwalimu, hii karatasi itatuangusha." Karatasi inasema ugonjwa wa masikio ulioletwa na homa. Wakili atasema wewe ni kiziwi wa maradhi, hukusikia kiapo chochote, hukupigwa na mtu yeyote, una kinyongo cha jirani tu. Na maneno hayo si ya daktari. Ni yangu. Uongo niliousema ili kuilinda menjo umesimama sasa kumtetea Kimeli, na hakuna anayeweza kuuketisha chini isipokuwa aliyeusema.

Basi nimekwenda. Leo asubuhi nimeandikisha maelezo yangu kwa ofisa, yote: fimbo, kitambaa, kondoo, homa. Nitaitwa baada yako.

Saa sita nikaenda kituo cha kuuzia majani ya chai, kwa kuwa wazee wote hukaa pale kwenye mabenchi wakingoja lori. Sikutaka walisikie kwa wengine. Niliposema, Arap Soi akawa wa kwanza tena.

"Mwalimu, wewe umezeeka vibaya. Ulimi imelegea kama lastiki ya soksi."

Walicheka. Safari hii sikucheka nao.

"Na ukishaambia serikali mambo ya menjo," akasema, "nani atakuzika?"

"Otieno alizikwa na nani?" nikamuuliza. "Wewe hukwenda. Mimi nilikwenda, nikasimama nyuma kabisa kama mwizi."

Mmoja alitema mate, si miguuni pangu, lakini karibu. Kisha wakainuka mmoja mmoja wakahamia benchi la upande wa pili, wazee niliotahiriwa nao, nikabaki na magunia ya majani. Hata lori lilipofika, hakuna aliyenisaidia kuinua gunia langu.

Nilipotoka hapo nilipita kwa Akinyi, mjane wa Otieno, kwenye kibanda chake cha omena. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Hakuacha kuchambua dagaa wake.

"Hiyo miaka yote," akasema, "nakupimia omena, unaniuliza, 'Akinyi, watoto hawajambo?' Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Usiniombe msamaha, Mwalimu. Sina." Akachambua tena, kitambo kirefu. "Hiyo korti inaanza saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nitakaa mbele. Anione." Nami nikageuka kuondoka, akaniita: "Na omena utanunua kwa mwingine."

Hiyo ndiyo hali ya nyumba unayoiacha. Ng'ombe nimempelekea shangazi yako Kabianga, na ndama pia, maana sijui watu watafanya nini nikishasimama kizimbani. Usirudi kuja kuangalia. Kama mabati yatachomwa, ni mabati.

Watakuuliza kwa nini ulinyamaza miaka kumi na minne. Usitafute jibu la kunisitiri. Sema: "Baba yangu aliniamuru." Ni kweli, na ni sentensi fupi. Na wakisema kiziwi hawezi kushuhudia alichosikia, waambie sikio lako la kushoto lilikuwa zima hadi neno la mwisho la kiapo, na kwamba ulipokataa ndipo lilipokufa.

Bado jambo moja. Katika nyumba ile mimi ndimi niliyekufunga. Mlisimama saba mbele yangu nikasema, ya hapa yabaki hapa, nanyi mkaitikia. Sijui kama mila inampa moteriot ruhusa ya kufungua alichokifunga. Wa kumuuliza wote wamehamia benchi la pili. Nafungua hata hivyo. Ya pale hayatabaki pale tena. Uko huru kuyasema mbele ya serikali, mbele ya wanawake, na mbele ya kaburi la mama yako ukipata siku ya kulifikia. Mimi nitapita kwake kesho, gari lako likishaondoka, nimwambie habari ya blanketi.

Shahidi anayengoja zamu yake haruhusiwi kuketi ndani, kwa hiyo siku hiyo nitakusindikiza hadi mlango wa mahakama tu. Ofisa amekubali tukutane uani. Utakaponiona, usinitafutie nafasi kulia kwako. Nitatembea kushoto, upande wa mama yako, mahali ambapo siwezi kukunong'oneza neno lolote.

Ni mimi,
Baba yako.